SARE SI KIBALI CHA KUPITA FORODHANI

Askari arudipo nyumbani baada ya miezi mingi ya kulinda amani ugenini, hapana mwenye haki ya kumlaumu kwa kufika na zawadi. Amekula vumbi, amelala katika hema, amehesabu siku. Televisheni aliyoinunua kwa jasho lake, kompyuta ya kumsaidia mwanawe katika masomo, simu aliyomwahidi mkewe: vyote hivyo ni tunda la kazi ya halali. Hali kadhalika polisi aliyekwenda kozi nchi za nje, au aliyevuka Gatuna siku za likizo akaenda madukani Kampala. Mtu huyo hakuiba. Amenunua, amelipa, na risiti anayo.

Walakini mali iliyonunuliwa kwa halali ugenini yaweza kuingia nchini kwa njia isiyo halali. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, pasipo kuzunguka. Imejengeka vichwani mwa baadhi ya watu fikra kwamba sare ni msamaha; kwamba mwenye nyota mabegani, akifika mbele ya meza ya forodha, hana haja ya kufungua sanduku lake. Fikra hiyo haina msingi wowote katika sheria, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya televisheni yoyote ile.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi hubishana juu yake bila ya kuijua. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2009 ikaanza kutekeleza Umoja wa Forodha wa Jumuiya hiyo. Tangu hapo, mizigo inayopita Rusumo, Kagitumba, Gatuna, Cyanika, Rubavu, Rusizi au uwanja wa ndege wa Kanombe hutazamwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo ndiyo inayotumika Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Misamaha yote imeandikwa katika Jedwali la Tano la sheria hiyo, na kila msamaha una mipaka yake.

Ni kweli kwamba Jedwali hilo linayataja majeshi. Linasamehe ushuru wa vifaa, mitambo, magari na mahitaji mengine yanayoingizwa kwa matumizi rasmi ya majeshi ya nchi wanachama. Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo, kwani uzito wote wa jambo hili umo katika maneno mawili: matumizi rasmi. Redio ya mawasiliano iliyoagizwa na jeshi kwa ajili ya kikosi ni mali ya matumizi rasmi. Televisheni itakayowekwa sebuleni kwa sajini si mali ya matumizi rasmi, hata ikiwa ilisafiri katika ndege moja na redio ile, na hata ikiwa ilifungwa katika sanduku la rangi ya jeshi. Msamaha ule ulipewa jeshi kwa kazi yake. Haukupewa mtu mmoja mmoja kwa cheo chake.

Kuna kosa jingine linalotokana na huduma yetu katika Umoja wa Mataifa. Tangu mwaka 2004, kikosi cha kwanza cha Rwanda kilipokwenda Darfur, maelfu ya askari na polisi wetu wamepelekwa Sudan, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na kwingineko. Katika nchi hizo, mapatano baina ya Umoja wa Mataifa na serikali ya nchi husika huruhusu vifaa vya ujumbe kuingia bila ushuru, na mara nyingine askari hupata kununua vitu katika duka la ujumbe kwa bei isiyo na kodi. Baadhi yao hufikiri kwamba kitu kilichonunuliwa bila kodi huko kitabaki bila kodi popote kiendako. Sivyo. Mapatano yale ni ya Umoja wa Mataifa na nchi ile iliyowapokea. Ndege ikishatua Kanombe, yule aliyekuwa mlinzi wa amani amekuwa msafiri anayerudi kwao, na mzigo wake ni mzigo wa msafiri.

Je, sheria haimhurumii msafiri huyo? Inamhurumia sana, na ingefaa kila askari azijue haki zake kabla ya kuondoka nchini, ili asizidai zisizo zake na asinyimwe zilizo zake.

Kwanza, sheria husamehe vitu vya msafiri vinavyotimiza mambo matatu: viwe mali yake mwenyewe na awe navyo safarini, viwe vya matumizi yake au ya nyumba yake, na viwe vya aina na kiasi ambacho ofisa wa forodha ataridhika kwamba ni cha matumizi hayo. Aliyekuwa akiishi nje akarudi kukaa huruhusiwa kuingiza nguo zake pamoja na vyombo alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Kompyuta uliyoandikia taarifa zako mwaka mzima, redio uliyosikilizia habari usiku, simu iliyo mfukoni mwako: hivyo ni vyombo vilivyotumika. Kompyuta nne zilizo ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu kiwandani hazikutumika, na hapana maneno yatakayozifanya ziwe zimetumika.

Pili, msafiri aliyekaa nje kwa zaidi ya saa 24 hupewa kiwango cha thamani ya vitu vipya anavyoweza kuja navyo bila kutozwa. Kiwango hicho ndicho kilichozusha malalamiko makubwa nchini Kenya mwezi Novemba mwaka 2023, Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo ilipowakumbusha wasafiri kwamba kikomo ni dola 500 za Marekani. Watu wengi walidhani kwamba sheria mpya imetungwa usiku, kumbe ilikuwapo tangu zamani na hawakuwa wameisoma. Viwango vya Jumuiya huweza kurekebishwa kwa tangazo la Gazeti la Jumuiya, na marekebisho hayo kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai ya kila mwaka wa fedha. Kwa hiyo asiyetaka kuaibika asitegemee habari za kambini au za rafiki aliyesafiri miaka mitano iliyopita. Aulize Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla hajanunua.

Tatu, mzigo usiokuja pamoja na mwenyewe, ule unaofuata baadaye kwa meli au kwa lori, nao unaweza kuhesabiwa kuwa mzigo wa msafiri ukifika ndani ya siku 90 tangu yeye alipofika. Kamishna anaweza kuongeza muda huo, lakini hawezi kupita siku 360. Askari wengi hupoteza haki hii kwa sababu tu hawakuitaja siku waliyofika.

Sasa tuitazame gharama yenyewe, kwa kuwa hofu ya gharama ndiyo inayowapoteza wengi. Tuchukue televisheni yenye thamani ya dola 1,000 pamoja na usafirishaji, iliyoangukia nje ya msamaha. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 250. Thamani na ushuru vikijumlishwa ni dola 1,250, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya hizo ni dola 225. Jumla ni dola 475, kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo. Fedha hizo si kidogo, na hatutamdanganya askari kwa kusema ni kidogo. Lakini ni hesabu inayoweza kufanywa kwa kalamu na kipande cha karatasi akiwa bado dukani. Akiona kwamba bei ya duka la Kigali ni nafuu kuliko bei ya ugenini pamoja na ushuru, ataacha kununua. Kompyuta, kwa upande wake, katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya zimewekwa katika daraja la asilimia sifuri. Mtu anayeificha kompyuta yake chini ya nguo basi anajitia katika hatari kwa ajili ya kuukwepa ushuru wa forodha ambao hata haupo.

Na hatari yenyewe ni hii. Kifungu cha 203 cha sheria kinasema kwamba atakayetoa taarifa ya uongo forodhani anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Kifungu cha 200, juu ya bidhaa zilizoingizwa bila kulipiwa ushuru, kinafika kifungo cha miaka 5 au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Yule mwenye televisheni ya dola 1,000, ambaye alitaka kuokoa dola 475, ameiweka rehani kazi yake yote ya miaka.

Wapo wanaouliza: Kampala na Dar es Salaam si nje tena, sisi sote ni Jumuiya moja, mbona nitozwe kwa simu niliyoinunua Kampala? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Msamaha wa Jumuiya umepewa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani anayebeba mazao yaliyo katika orodha iliyokubaliwa, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Televisheni iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kukaa wiki mbili katika duka la Kampala. Mahali uliponunua ni jambo moja, na mahali ilipotengenezwa ni jambo jingine. Forodha hutazama hilo la pili. Hata hivyo, risiti ya dukani, na hati ya ushuru uliolipwa huko kama muuzaji anayo, zitamsaidia ofisa kuamua kwa haki. Asiye na karatasi yoyote asishangae akikadiriwa.

Tumefika sasa mahali penye maumivu zaidi. Walanguzi ni watu wenye akili. Wanajua kwamba mfanyabiashara mwenye mabegi manane atasimamishwa, na wanatumaini kwamba askari mwenye mabegi manane hatasimamishwa. Kwa hiyo mlanguzi humwendea askari kwa maneno matamu: "Afande, nibebee hizi simu kumi tu, ndugu yangu atakupokea Kigali." Pengine hutoa bahasha, pengine hutoa simu moja kuwa ahsante. Askari huyo huona kwamba amemsaidia mtu. Kumbe ameazima sare ya taifa kwa mtu mmoja mwenye duka. Sheria imesema wazi kwamba mzigo wa msafiri uwe mali ya msafiri, na kwamba bidhaa za kuuza hazimo katika msamaha. Tena aliyebeba mzigo asioujua ndani yake hawezi kuapa kwamba ndani mna simu peke yake. Mtu aliyefundishwa kutomwamini adui anayekuja na tabasamu, kwa nini amwamini mlanguzi?

Kwa wale walio zamu mpakani nao tuna neno. Kifungu cha 7 cha sheria kinampa ofisa wa forodha, awapo kazini, uwezo na kinga za ofisa wa polisi. Maana yake ni kwamba kijana wa forodha aliye nyuma ya meza pale Rusumo, hata kama umri wake ni miaka 24 na mshahara wake ni mdogo, anapomwambia mkubwa wa jeshi "tafadhali fungua sanduku", anazungumza kwa sauti ya sheria. Askari wa kweli anajua maana ya zamu. Anajua kwamba mlinzi wa lango la kambi, awe koplo, ana haki ya kumsimamisha kanali mpaka ajitambulishe, na kanali mwenye adabu ya kijeshi atamsifu koplo huyo. Meza ya forodha ni lango la kambi ya taifa zima. Mkubwa anayempigia kelele kijana yule, au anayempigia simu mkubwa mwenzake ili sanduku lipite, amewafundisha wadogo zake wote waliokuwa nyuma yake katika mstari kwamba sheria ni ya wasio na cheo. Somo hilo hulibeba mpaka kambini, na siku moja litamrudia yeye mwenyewe katika amri atakayoitoa isifuatwe.

Polisi anayefanya kazi pamoja na watu wa mapato naye ajue mipaka yake. Kazi yake ni kulinda utaratibu na kukamata magendo. Hakutumwa kumsimamisha kila kijana wa Nyabugogo mwenye simu mpya na kumdai risiti ili apate chochote. Sheria ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa imelifanya kosa la rushwa kuwa lisilofutwa na muda. Aliyepokea leo anaweza kuulizwa baada ya miaka 20. Tena msafiri mwanamke apekuliwe na mwanamke, na mzigo wa watu ushikwe kwa heshima, maana wengi wa wavukao mpaka hawana magendo yoyote, ila uchovu wa safari.

Historia ya majirani zetu ina funzo hapa. Mwaka 1983, Tanzania ilipoendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, vyombo vya usalama vilipewa kazi ya kusaka bidhaa zilizofichwa. Walanguzi walikamatwa, lakini hofu ikaenea hata kwa wasiokuwa na hatia, na watu wakazitupa mali zao kwa kuogopa kuulizwa zilikotoka. Mwaka uliofuata serikali ikafungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Nguvu ya dola ina nafasi yake, lakini magendo hupungua zaidi pale ambapo sheria inaeleweka, inalipika na inamhusu kila mtu. Leo sheria imeandikwa na njia ya kulipa ipo. Kilichobaki ni sehemu ya tatu: imhusu kila mtu.

Wengine watasema kwamba askari anastahili kufikiriwa kwa sababu ya ugumu wa kazi yake. Tunakubali. Lakini njia ya kumfikiria askari iwe ya wazi. Katika mwaka wa fedha wa 2016/17, Tanzania iliufuta msamaha wa kodi uliokuwa ukitolewa katika maduka ya majeshi, ikaweka posho mahali pake. Mtu anaweza kuupenda uamuzi huo au asiupende, lakini ulifanywa bungeni, mchana, kwa hesabu inayoonekana katika bajeti. Nafuu inayopatikana kwa kufumbiwa macho mpakani haina hesabu. Humpata mwenye cheo kikubwa na rafiki wengi. Askari wa kawaida aliyerudi na redio moja haimfikii.

Basi tunamshauri kila askari na polisi anayesafiri ashike mambo machache. Kabla ya kutoka nchini, atangaze kompyuta, kamera au chombo kingine cha thamani anachotoka nacho na apate karatasi yake, ili arudipo asiulizwe ushuru wa kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Akiwa nje, atunze kila risiti. Asibebe mzigo wa mtu mwingine, hata wa ndugu, asioweza kuusimamia mwenyewe. Arudipo, atangaze kabla hajaulizwa. Akitozwa, aombe aelezwe hesabu yake kwa utaratibu, alipe kwa njia rasmi tu, na achukue stakabadhi. Akiona ameonewa, apeleke malalamiko yake kwa mkubwa wa forodha kwa maandishi. Hiyo ni haki yake kama raia yeyote, na haihitaji sare.

Ushuru unaokusanywa mpakani huingia katika mfuko ule ule unaolipa mshahara wa askari, unaonunua mafuta ya gari la doria na dawa za hospitali anakotibiwa mwanawe. Anayeukwepa amejikata mfuko wake mwenyewe. Lakini hata tukiacha fedha, kuna jambo kubwa zaidi. Mwananchi aliyesimama katika mstari pale Gatuna na kifurushi chake anatazama. Anamwona askari akifika, na anangoja kuona kama ataingia katika mstari au atapita pembeni. Akiingia katika mstari, akafungua sanduku, akalipa anachodaiwa na kwenda zake na stakabadhi mkononi, mwananchi yule hatahitaji kuhubiriwa juu ya sheria. Ameiona ikitembea mbele yake kwa miguu miwili.